Tiwi, ambako Black Mamba haimkatai mnene

KAMA wewe ni mtu wa kilo nyingi kama mwandishi huyu, basi huenda safari yako ya kwenda Pwani Kusini ikaanza kwa aibu kabla hata gari halijang'oa nanga.

Nilivuka feri ya Likoni Ijumaa asubuhi, nikapanda ule mlima mfupi uliojaa wachuuzi wa njugu na soksi mpaka kituoni. Hapo utingo wa matatu ya Ukunda alinitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika hadi gari la tatu: "Mama, wewe ni viti viwili!" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana mnene hujifunza mapema kucheka kabla ya wenzake. Tulibishana, nikalipa kiti kimoja na nusu, nikajibana dirishani huku mkoba nimeupakata.

Nilikuwa nakwenda Tiwi kutafuta baiskeli. Tena si baiskeli ya mwanangu wala ya mpwa wangu. Yangu mwenyewe, mimi mwenye kilo 112.

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini mtu avuke bahari kutafuta kitu kilichojaa Mombasa. Kisa ni hiki. Mama yangu mzazi alikuwa mnene, alikuwa na presha, na alifariki dunia kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 58. Mwaka jana daktari alinifunga ule mkanda wa kupimia presha mkononi, akautazama, akaufunga tena mkono wa pili kana kwamba wa kwanza umemdanganya. Akaniandikia vidonge, kisha akaniambia kwamba vidonge peke yake havitoshi. Shirika la Afya Duniani, alisema, linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa angalau dakika 150 kila wiki. Kukimbia, magoti yangu hayataki hata kusikia. Kuogelea sijui, ingawa nimezaliwa kilomita mbili kutoka baharini, na hilo ni soni nyingine. Ikabaki baiskeli.

Nikanunua moja mjini, yenye gia 18 na rangi ya kupendeza. Wiki ya pili gurudumu la nyuma lilitoa mlio kama wa kijiti kikavu. Spoki tatu zilikuwa zimekatika, na rimu ikawa inacheza ngoma kushoto na kulia. Muuzaji, ambaye siku ya kuniuzia aliniita dada mpendwa, sasa aliniambia mbele ya wateja wake: "Baiskeli hii haikutengenezewa watu kama wewe." Nilirudi nyumbani nikiisukuma.

Mwenzangu mmoja kazini, ambaye kwao ni Tiwi, ndiye aliyenifuta machozi. "Njoo kwetu," aliniambia. "Uone baiskeli inabeba nini, ndipo uamue kama wewe ni mzito."

MITUNGI SITA NA DEREVA WAKE

Tiwi iko katika Kaunti ya Kwale, umbali wa kilomita 20 hivi kusini mwa Likoni, katika ile barabara kuu inayokwenda mpaka Lungalunga na kuingia Tanzania. Unapita Ng'ombeni, unapita Waa, unapita Kombani ambako njia ya Kwale mjini inachepuka kulia na kuanza kupanda milima ya Shimba, na kabla hujafika Ukunda unashuka. Siku hizi mwenye gari anaweza kuikwepa feri kwa kupitia Dongo Kundu, lakini sisi wa miguu bado tunavuka bure majini, na mimi napenda upepo ule.

Wageni wengi huipita Tiwi wakikimbilia Diani. Hasara ni yao. Hapa minazi haijabanana na mahoteli, na mikorosho imetanda vivuli vyake hadi kando ya lami. Kutoka kituoni, njia inashuka polepole kuelekea baharini kwa mwendo wa kilomita tatu hivi, ikipita mashamba ya mihogo na nyumba za makuti.

Dakika kumi za kwanza nilizosimama pale kituoni zilinitosha. Baiskeli ya kwanza kunipita ilibeba mitungi sita ya maji ya lita ishirini ishirini. Piga hesabu, msomaji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hizo ni kilo 120, bila kumhesabu kijana aliyekuwa akiisukuma. Tiwi ina maji mengi chini ya ardhi, na visima vyake ndivyo vinavyosaidia sehemu kubwa ya Pwani Kusini, lakini kutoka bombani hadi jikoni mara nyingi maji husafiri kwa magurudumu mawili. Ya pili ilikuwa na madafu, yamefungwa mashada mashada hata keria haikuonekana. Ya tatu ilikuwa na makuti, na mwenyewe hakuonekana kabisa. Ungedhani ni paa linajiendesha.

Zote hizo zilikuwa nyeusi, ndefu, zenye breki za vyuma na kiti chenye springi. Kenya nzima tunaiita Black Mamba.

Asili yake ni Uingereza. Kampuni ya Raleigh, iliyoanza katika mji wa Nottingham miaka ya 1880, ilizisambaza aina hii ya baiskeli kote kulikopepea bendera ya Mwingereza, zikawapeleka kazini walimu, makarani na wamishonari. Kiwanda cha Nottingham kimeacha kuunda baiskeli tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini umbo lenyewe halikufa. Wahindi wa Hero na Avon katika mji wa Ludhiana waliendelea nalo, na Wachina wa Phoenix na Flying Pigeon nao pia. Ndizo hizo zilizowavusha watu mpakani Busia miaka ya 1960 na 1970 hadi likazaliwa neno boda boda. Baada ya mwaka 2008, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, abiria walihamia kwenye pikipiki. Mizigo, hasa ya mtu asiye na pesa za petroli, ilibaki hapa.

FUNDI WA CHINI YA MKOROSHO

Nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee, ambaye karakana yake ni mkorosho mmoja, gunia moja na kisanduku cha risasi kilichosalia tangu vita ambavyo sikuviuliza. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni pancha?"

Nikamweleza shida yangu yote, pamoja na ile ya spoki tatu. Hakucheka. Alinitazama kwa jicho lile lile alilokuwa akiitazamia rimu iliyokuwa mbele yake, jicho la kazi, akauliza: "Kilo ngapi?" Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuitaja namba hiyo mbele ya mwanamume bila kushusha sauti.

"Kilo mia na kumi na mbili," alisema, "ni mitungi mitano na nusu. Na wewe hutikisiki kama maji. Kaa hapo."

Nikakaa, na saa mbili zilizofuata zilikuwa darasa. Nitakupa kwa ufupi, kwa sababu kama una uzito kama wangu, maneno haya yatakuokolea fedha.

Alianza na gurudumu. "Hesabu spoki," aliniambia. Nikahesabu: 32 mbele, 40 nyuma. Baiskeli nyingi za siku hizi zina 36 au 32 kwa kila gurudumu, nyingine pungufu ya hapo. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mwili wa mpanda, kwa hiyo Mwingereza wa zamani aliliongezea spoki nane, na Mhindi hakubadilisha. Lakini kuna siri nyingine ambayo sikuwa nimeijua. Katika baiskeli ya gia nyingi, ule mrundo wa meno ya nyuma unahitaji nafasi, kwa hiyo gurudumu linasukwa likiegemea upande mmoja. Spoki za upande wa gia zinakazwa sana, za upande wa pili zinalegea. Mtu mwepesi hatambui lolote. Akikaa mzito, spoki zile zilizolegea zinavutwa na kuachiwa, zinavutwa na kuachiwa, mpaka shingo zake zinachoka na kukatika. Baiskeli ya gia moja haina mrundo huo. Spoki zake za kushoto na za kulia zinavuta karibu sawasawa, na mzigo unagawanyika.

Kwa hiyo yule muuzaji wa mjini alisema kweli, ila aliisema baada ya kupokea pesa.

Cheni nayo ni pana na nene kuliko ya gia nyingi, maana haina haja ya kupenya katikati ya meno yaliyosongamana. Kiti kina springi mbili za koili nyuma. Hizo si za starehe pekee. Kila ukipita shimo, springi inameza sehemu ya kishindo ambacho kingeshukia spoki. Upepo wa matairi ni sharti, maana mzito akipanda tairi lenye upepo mdogo kwenye njia ya mawe ya tumbawe, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili mara moja. "Mnene," alisema fundi, "pampu ni mkeo." Kisha akakumbuka ni nani aliye mbele yake, akajirekebisha: "Mumeo."

Nikauliza ile ya kike, ambayo mtaimbo wake wa juu umeshushwa ili mwenye gauni apande kwa urahisi. Akatikisa kichwa. Fremu ya kiume ni pembe tatu, na pembe tatu haipindi kwa urahisi. Ya kike inayumba kiunoni ukiipa uzito. "Inafaa kwa mwanamke mwembamba na ndoo moja. Wewe vaa suruali chini ya dera, upande ya kiume, watu waseme watakayosema."

Alinikodisha moja ya Kihindi, kuukuu, yenye mitaimbo miwili ya juu badala ya mmoja. Nikamwuliza kama naweza kwenda nayo mpaka Kwale mjini nikaone Shimba. Hapo uso wake ukabadilika. Njia ya Kwale ni mlima, alisema. Kupanda utashuka usukume, hiyo haidhuru. Kushuka ndiko kubaya. Breki za Black Mamba ni vyuma vinavyovuta vipande viwili vya mpira kutoka chini kubana rimu, na kadiri mtu anavyokuwa mzito na mwenye kasi ndivyo breki inavyohitaji nguvu zaidi kumsimamisha. Mvua ikinyesha rimu zinateleza kama sabuni. "Tiwi ni tambarare. Jifunzie Tiwi. Mlima hautahama."

NJIA YA BAHARINI

Sikuwa nimepanda baiskeli sawasawa tangu darasa la sita. Nilingoja alasiri, jua lilipopungua ukali, nikaisukuma mpaka mahali ambapo nilidhani hakuna watu. Tiwi hakuna mahali pasipo na watoto. Walitokea kila upande. Nilianguka mara mbili, mara ya pili ndani ya shamba la mihogo la mtu, na mwenye shamba, bibi mmoja mwenye leso mbili, alitoka akiwa na upawa mkononi. Nilidhani ananijia kwa shari. Kumbe alikuja kushika keria. Akanishikilia kama mtoto, hatua ishirini, hatua thelathini, na aliponiachia sikujua kama ameniachia.

Baadaye alinikaribisha barazani, akanipa viazi karai na ukwaju. "Sisi zamani tulikuwa tukibebwa nyuma, miguu upande mmoja," alisema. "Wewe unajibeba." Nilimwuliza kama watu watasema. Akasema watasema, kisha watachoka.

Ukiwa juu ya gia moja unaijua ardhi kwa mapaja yako. Njia ile ambayo kwa gari ungesema imenyooka sawa, mimi sasa nakwambia ina vilima vinne vidogo na kimoja kikubwa mbele ya zizi la mbuzi. Nilihesabu meno: mbele 44, nyuma 18. Kila mzunguko mmoja wa miguu unakusogeza karibu mita 5 na nusu. Ni mwendo mzuri ukishachanganya, lakini kuanza kutoka mahali uliposimama, ukiwa na kilo zangu, ni kama kulisukuma kabati. Nilimkumbuka Maurice Garin, Mfaransa aliyeshinda mashindano ya kwanza ya Tour de France mwaka 1903 kwa baiskeli ya gia moja, maana waandaaji hawakuruhusu gia za kubadilisha mpaka mwaka 1937. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na akashinda mashindano hayo mara nne, alizikuta gia tayari. Garin, lakini, alikuwa mdogo wa mwili. Sijui angesema nini kwenye zizi la mbuzi.

Pwani ya Tiwi unaifikia ghafla. Minazi inafunguka, na mbele yako ni mchanga mweupe, halafu miamba ya matumbawe, halafu mstari wa povu mbali kule kwenye mwamba mkubwa. Maji yakipwa, vidimbwi vinabaki miambani, maji yake ya kijani kibichi, na wenyeji watakuonyesha kimoja wanachosema kina umbo la bara la Afrika. Nilikitazama kwa muda. Kusema kweli Somalia yake imezidi kidogo, lakini ni Afrika.

Jumamosi ilikuwa siku ya bamvua. Kwa msomaji wa bara, bamvua ni ule wakati wa mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamerudi mbali, na ule mchanga ulioachwa na maji ukawa mgumu kama sakafu. Niliteremsha baiskeli nikaendesha kuelekea kusini, bahari kushoto, minazi kulia, na kwa nusu saa nzima nilisahau kwamba nina mwili. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mwenye kuubeba mwili mzito kila siku atanielewa.

Ufuo wa Tiwi unaishia kwenye mlango wa Mto Mwachema. Ng'ambo ya pili ndipo Diani inapoanza, na papo hapo ukingoni, katikati ya mibuyu, umesimama Msikiti wa Kongo. Ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na inakadiriwa ulijengwa katika karne ya 14 au ya 15. Si gofu la kutazamwa tu, kwani watu wanasali humo hadi leo. Jifunike kichwa, omba ruhusa, vua viatu. Kijana mmoja mvuvi alinisaidia kuivusha baiskeli, maji yakiwa magotini, naye alikataa malipo mpaka nilipoyaita sadaka.

Nilikaa chini ya mbuyu mkubwa kupita kiasi. Palikuwa na kivuli na upepo, na mtu alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Niliporudi mtoni saa saba, pale nilipopita kwa miguu palikuwa bahari.

BARABARA KUU

Sikuwa na njia ila kuzunguka: kupita Diani, kutokea Ukunda, kisha kushika barabara kuu kurudi Tiwi, zaidi ya kilomita kumi katika jua la mchana. Na hapa sitakudanganya, msomaji. Barabara ile si ya mwanafunzi. Haina njia ya baiskeli, na matatu zinaposhindania abiria huwa hazioni kitu kisicholipa nauli. Lori likija nyuma, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Nilishuka kila nilipolisikia. Barabara inapoteremka kwenye daraja la Mwachema nilishuka pia, nikaisukuma baiskeli kuteremka na kuipandisha upande wa pili, huku nikilikumbuka neno la fundi juu ya breki. Kijana wa madafu alinipita hapo akiwa juu ya keria yake kama mfalme, akapiga kengele kunisalimu.

Katikati ya safari, upande wa kushoto kukaanza mlio: ko, ko, ko, kila mguu ulipokanyaga. Niliingia Tiwi nikiwa nimelowa jasho, uso mwekundu kama pilipili, lakini juu ya kiti. Wanaume waliokuwa wakicheza bao waliacha kete. Mmoja alisema, "Ni yule mama." Hakuongeza neno.

Nilifanya kosa moja kubwa jioni ile. Niliiegemeza baiskeli ukutani ikiwa na maji ya chumvi na mchanga, nikalala.

Jumapili asubuhi nilipanda, nikakanyaga, ikaenda. Nilipoacha kukanyaga ili niteleze, pedeli hazikuacha. Ziliendelea kuzunguka zikiichukua miguu yangu. Nilijaribu kuzizuia, goti likapiga mtaimbo, cheni ikaruka, nami nikaingia tena katika shamba la yule bibi wa upawa.

Fundi hakuhitaji maelezo. Alilamba kidole alichogusia mnyororo. "Umeiogesha baharini, mwanangu?"

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Ndani ya yale meno ya nyuma mna kifaa tunachokiita friwili, chenye vijino vidogo vinavyoshika ukikanyaga na kuachia usipokanyaga. Ule mlio wa tik-tik-tik unapoteleza ni wao. Chumvi na mchanga vikiingia, vijino hugandishwa na kutu. Vikigandia ndani, utakanyaga hewa. Vikigandia nje, gurudumu na pedeli huwa kitu kimoja, na miguu haina likizo.

Nilicheka niliposikia hayo, kwa sababu ziko baiskeli ambazo zinatengenezwa hivyo kwa makusudi. Hazina friwili kabisa. Zinatumika katika mashindano ya viwanjani, na vijana wa miji ya Marekani na Ulaya wanazipenda barabarani, na katika New York wapelekaji wa barua walizifanyia kazi kwa miaka mingi. Anayeipanda hupunguza mwendo kwa kuzizuia pedeli kwa miguu. Nikamwuliza fundi anaonaje. Alifikiri, akasema kwamba uzito wote wa kuisimamisha unaingia gotini, na goti langu lina kazi ya kutosha. Kwa mtu mzito, alisema, friwili ni huruma. Lakini akaongeza kwamba utotoni, friwili zilipokuwa ghali, wao walikuwa wakiendesha zilizoganda hivyo hivyo, na kwamba inakufundisha kuwa na adabu.

Akaifungua, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaitia oili, ikaanza kuimba. Ule mlio wa ko, ko, ko ulikuwa kotapini, kile kipini cha chuma kinachoshikilia mkono wa pedeli. Mtu mzito akisimama juu ya pedeli anakikamua kidogo kidogo hadi kinalegea. Alikigonga kwa nyundo mara tatu, akakaza nati. "Hiki utakigonga maisha yako yote," alisema.

Kisha akanishauri jambo ambalo sikulifikiria: kubadilisha meno ya nyuma. Kutoka 18 hadi 22. Aliagiza friwili hiyo kutoka Ukunda kwa pikipiki, akaongeza pingili mbili za cheni, na ile mita 5 na nusu ikawa mita 4 na nusu. Mwendo unapungua, lakini kwenye zizi la mbuzi nilipanda nikiwa nimekaa, nikisalimia watu.

Unaweza kuuliza kama hakuna kitu kipya cha aina hii kwa ajili yetu. Kipo. Baiskeli iitwayo Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, huunganishwa Kisumu. Imetengenezewa njia zetu, keria yake hubeba kilo 100, na ile ya gia moja ina breki ya kukanyaga nyuma, ambayo haijali mvua. Niliiona moja Ukunda nikaitamani. Lakini nilikuwa tayari nimeizoea ile kuukuu.

Jumatatu nilimwuliza fundi bei. Alitaja, nikapunguza, akapandisha, tukanywa chai, tukapatana. Yule bibi alinifungia mihogo katika gazeti na kuitia kwenye keria. Gari lililonibeba hadi Likoni liliitia baiskeli juu ya paa. Utingo, ambaye hakuwa yule wa kwanza, alitoza nauli ya mimi mmoja na ya baiskeli moja, na hesabu hiyo sikuibishia.

Ndani ya feri nilisimama nimeishika usukani katikati ya umati. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu aliipapasa mitaimbo miwili, akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia Tiwi. "Hii," akasema, "inabeba magunia mawili ya nazi." Nikamwambia najua.

Imepita miezi minne. Naiendesha asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa moja kasorobo, katika vichochoro vya mtaa wetu, siku tano kwa juma. Nimepungua kilo nne tu, na vidonge bado nameza, lakini daktari sasa ananipima mkono mmoja. Spoki zote 72 zipo. Kotapini ya kushoto imeanza kulia tena tangu juzi, na Jumamosi kuna bamvua, kwa hiyo nitaipeleka kule kule.